EHCP ina kazi gani hasa, ikiwa shule inasema tayari inamsaidia mtoto?

Mama wa Midlands

Assalaam alaykum na salamu kwa ndugu wote mlioko hapa.

Ninaishi Uingereza, eneo la Midlands, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Swali langu linamhusu mtoto wa kati, mvulana wa miaka sita, ambaye tangu aanze shule walimu wamekuwa wakituambia kwamba anachelewa kuzungumza kwa sababu nyumbani tunatumia Kiswahili, na kwamba akishazoea Kiingereza mambo yatakaa sawa. Sisi wazazi tunaona vingine, maana hata hicho Kiswahili hakizungumzi kama dada yake alivyokizungumza katika umri huo. Nikimwambia, "Baba, lete viatu vyako, halafu kamwite dada," husimama akanitazama, kisha hurudia "kamwite dada, kamwite dada" bila kuondoka pale alipo. Shuleni, kelele za ukumbi wa chakula humtesa mpaka akaziba masikio na kuingia chini ya meza, na mara nyingi chakula alichofungiwa hurudi nyumbani hakijaguswa.

Tangu muhula uliopita shule imemwandika katika orodha ya watoto wanaopewa msaada wa mahitaji maalumu, na kuna mwalimu msaidizi ambaye hukaa naye wakati wa kusoma, pale anapopatikana. Wifi yangu aliyeko London amenisisitiza niombe EHCP, yaani ule Mpango wa Elimu, Afya na Huduma. Nilipolitaja jambo hili kwa mratibu wa mahitaji maalumu wa shule, alinijibu kwa upole kwamba ni mapema mno, kwamba mtoto hajathibitishwa na daktari kuwa na usonji, na kwamba halmashauri haina fedha kwa sasa, hivyo maombi yatakataliwa.

Mume wangu ana wasiwasi wa namna mbili. Kwanza, viza yetu ina sharti la kutotumia fedha za umma, naye anahofu kwamba tukiomba mpango huu tutakuwa tumevunja sharti hilo. Pili, hataki mtoto aandikwe jambo litakalomfuata mpaka ukubwani. Mama mkwe naye, akiwa Tanga, hutuambia kila tukimpigia simu kwamba baba wa mtoto pia alichelewa kusema, na leo ni mtu mzima mwenye kazi yake.

Ninaomba mnieleze kazi ya mpango huu ni ipi hasa. Unampa mtoto kitu gani ambacho shule haiwezi kumpa bila huo mpango? Ningependa kuelewa kusudi lake kabla ya kuanza jambo ambalo kila mtu ananiambia ni refu na linachosha.

Mwalimu wa Pwani

Waalaykum salaam, mama, na pole kwa mawazo. Nilifundisha shule ya msingi Mombasa kabla ya kuhamia huku, na sasa ninajitolea kuwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili kuzisoma barua za halmashauri, kwa hiyo maneno uliyoambiwa nimeyasikia kwa wazazi wengi kabla yako.

Kusudi la EHCP ni kuufanya msaada wa mtoto uwe haki inayoweza kudaiwa mbele ya sheria. Kwa sasa mwanao anasaidiwa na shule, na shule inatakiwa na sheria ijitahidi kadiri iwezavyo. Neno "kujitahidi" lina nafasi kubwa ndani yake: mwalimu msaidizi akihamishiwa darasa jingine, au bajeti ikipungua, shule itasema imejitahidi, na wewe huna cha kushika mkononi. Mtoto akiwa na EHCP, wajibu unahamia kwa halmashauri, na kifungu cha 42 cha Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014 kinasema halmashauri lazima ihakikishe kwamba elimu maalumu iliyoandikwa ndani ya mpango inatolewa. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kueleza, chini ya sheria iliyotangulia hii, kwamba wajibu wa namna hiyo hautimizwi kwa kusema tulijitahidi. Mwalimu akikosekana, halmashauri itafute mwingine. Fedha zikipungua, hilo ni lao kulitatua, na mtoto apate kilichoandikwa.

Inafaa kujua jambo hili limetoka wapi, kwa sababu linaeleza kwa nini wazazi wa huku wanaushikilia mpango huu kwa nguvu. Hadi mwaka 1971 kulikuwa na watoto Uingereza waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, wakaondolewa kabisa katika mamlaka ya elimu na kuwekwa chini ya mamlaka ya afya. Sheria ya mwaka 1970 ndiyo iliyowarudisha. Mwaka 1978 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Mary Warnock, ambayo ilitaka watoto wapimwe kwa mahitaji yao ya kujifunza badala ya kupangwa kwa majina ya ulemavu, na sheria ya mwaka 1981 ikaweka hati iliyoeleza mahitaji ya mtoto na msaada anaostahili. EHCP ilichukua nafasi ya hati hiyo kuanzia Septemba 2014, ikaongeza afya na huduma za jamii, na umri ukasogezwa hadi miaka 25 kwa kijana ambaye bado anasoma au yuko katika mafunzo.

Sasa niyajibu yale uliyoambiwa na shule. Hakuna mahali popote katika sheria panaposema mtoto lazima awe na barua ya daktari. Kifungu cha 36 kinataka mambo mawili tu yaangaliwe: kwamba mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu ya kielimu, na kwamba huenda ikahitajika apewe msaada kwa njia ya mpango. Angalieni hilo "huenda". Kizingiti kimewekwa chini kwa makusudi, kwa kuwa tathmini yenyewe ndiyo itakayochunguza hali ya mtoto. Foleni ya kupimwa usonji ni ndefu sana katika maeneo mengi, na mtoto anayesubiri barua hiyo ndipo aombe anaweza kumaliza nusu ya shule ya msingi bado yuko kwenye foleni. Vilevile, huhitaji ruhusa ya shule ili kuomba. Mzazi ana haki ya kuiandikia halmashauri moja kwa moja.

Kuhusu lugha, sheria ile ile katika kifungu cha 20 inasema mtoto hahesabiwi kuwa na tatizo la kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya shule. Ni kinga nzuri, maana bila hiyo watoto wetu wangerundikwa katika elimu maalumu kwa kuwa wanazungumza Kiswahili, Kisomali au Kilingala. Lakini kinga hiyo haikuwekwa ili imfunge mtoto mwenye shida ya kweli. Wewe mwenyewe umetoa ushahidi mkubwa kuliko unavyofikiri: mtoto hafuati maagizo mawili yaliyounganishwa katika lugha aliyoisikia tangu kuzaliwa. Hilo haliwezi kuelezwa na ugeni wa Kiingereza. Liandike vivyo hivyo, kwa mfano ule ule wa viatu na dada.

Mama Wawili

Mama wa Midlands, mimi niko London na mwanangu wa kwanza ana EHCP kwa miaka kadhaa sasa. Nitaanza na hofu ya baba watoto kuhusu viza, kwa sababu nimeona familia zikikaa kimya mwaka mzima kwa hofu hiyo.

Fedha za umma zinazozungumzwa katika masharti ya uhamiaji ni posho na misaada iliyotajwa kwa orodha, kama vile posho za kipato na nyumba za halmashauri. Elimu ya shule ya serikali haimo katika orodha hiyo, na msaada wa kielimu unaotolewa kwa EHCP ni sehemu ya elimu. Kuuomba hakuvunji sharti. Mahali pa kuwa waangalifu ni posho ya ulemavu ya mtoto inayoitwa DLA, ambayo watu wengi huishauri kwa nia njema mara tu wanaposikia neno usonji. Hiyo imo katika orodha. Msiiombe kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Ninakubaliana na Mwalimu kwamba mpango ni haki inayodaiwa, ila ninaongeza jambo moja ambalo ndilo lililotugharimu machozi nyumbani kwetu. Kinachodaiwa ni kile tu kilichoandikwa, na kwa namna kilivyoandikwa. Mpango una sehemu zilizopewa herufi kuanzia A hadi K, na wazazi wengi huisoma A kwa furaha kwa sababu humo mna maneno yao wenyewe juu ya mtoto, na picha yake wakati mwingine. Sehemu inayombana mtu ni F, ambamo huandikwa elimu maalumu atakayopewa. B hueleza mahitaji, na kila hitaji lililo katika B linatakiwa lipate jibu lake katika F. Sehemu ya I hutaja shule.

Rasimu ya kwanza tuliyoletewa ilisema kwamba mtoto "atapata fursa ya tiba ya usemi kadiri itakavyohitajika" na kwamba "atanufaika na msaada wa mtu mzima katika vikundi vidogo." Ni sentensi za kupendeza, na hazimdai mtu chochote. Fursa ni nini? Nani ataamua kwamba imehitajika? Mtu mzima ni yupi, kwa saa ngapi, katika kikundi cha watoto wangapi? Tuliomba ibadilishwe, na baada ya mabishano ikasomeka kwamba atapata dakika 30 kila wiki za tiba ya usemi, ana kwa ana, kutoka kwa mtaalamu aliyesajiliwa, katika wiki zote za muhula, na kwamba mtaalamu huyo atakaa na mwalimu wa darasa saa moja kila muhula kumwonyesha namna ya kuendeleza kazi hiyo darasani. Mtaalamu alipoacha kazi na nafasi yake ikakaa wazi, sentensi hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuiandikia halmashauri na kupata mwingine. Kwa sentensi ya kwanza tungeambiwa tusubiri.

Mwongozo wa serikali wa mwaka 2015 wenyewe unasema msaada unapaswa kuelezwa kwa kina na kwa kawaida utajwe kwa kiasi, kwa hiyo mzazi anayedai saa na dakika hatafuti ugomvi.

Na tiba ya usemi isiwekwe katika G, ambayo ni sehemu ya afya. Kifungu cha 21 kinasema huduma ya afya inayomfundisha au kumwelimisha mtoto ihesabiwe kuwa elimu maalumu, na kwa mtoto anayejifunza kuzungumza ni nadra sana tiba hiyo isiwe elimu. Ikiwa katika F inaidai halmashauri, na mkikosana mnaweza kwenda mbele ya Baraza la Rufaa likatoa amri. Kwa mambo ya afya na huduma za jamii Baraza hilo hutoa mapendekezo tu.

Msaidizi wa Darasa

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba kutoa upande wa sisi tunaofanya kazi ndani ya madarasa hayo, ili mama huyu asidhani kwamba bila EHCP mtoto ametupwa.

Kwa takwimu za serikali za Januari 2025, asilimia 14.2 ya wanafunzi wa Uingereza, nina maana nchi ya England peke yake, walikuwa wakipata msaada wa mahitaji maalumu wa ngazi ya shule, na asilimia 5.3 walikuwa na EHCP. Watoto wengi zaidi, basi, wanahudumiwa bila mpango, na wengi wao wanaendelea vizuri. Shule inatakiwa ipange pamoja na mzazi, itekeleze, ipime, kisha ipange upya, na inategemewa itumie hadi pauni 6,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja kutoka katika fedha zake kabla ya kutafuta za ziada. Nimeona mtoto aliyetengewa kona tulivu ya kulia chakula, akapewa kadi za picha zinazomwonyesha kitakachofuata, akabadilika katika majuma machache bila karatasi yoyote ya halmashauri. Kwa huyu mtoto anayeingia chini ya meza, jambo la chakula lisisubiri mpango. Dada, liombe kesho asubuhi.

Mratibu aliyekujibu huenda hakudanganya kwa kusudi. Waratibu wengi wanabeba watoto wengi kuliko uwezo wao, na wameona maombi yakirudishwa kwa sababu shule haikuonyesha imefanya nini kwanza. Ninachoomba ni kwamba usiingie katika jambo hili ukiwa umeigeuza shule kuwa adui, kwa kuwa halmashauri itawauliza hao hao walimu.

Mwalimu wa Pwani

Ndugu Msaidizi wa Darasa, umesema vyema kuhusu chakula, nami ninaunga mkono kwamba shule isigeuzwe adui. Hata hivyo nitatofautiana nawe mahali pamoja. Kiasi hicho cha pauni 6,000 ni utaratibu wa fedha kati ya shule na halmashauri. Hakimo katika kipimo cha kifungu cha 36, na bado wazazi huambiwa maombi hayapokelewi mpaka shule ithibitishe imekitumia chote. Halmashauri inaweza kuangalia kilichofanywa na shule kama sehemu ya ushahidi, lakini haina mamlaka ya kuweka mlango wa ziada ambao Bunge halikuuweka. Mtoto ambaye shule yake haikuandika kumbukumbu asiadhibiwe kwa uzembe wa mafaili.

Mama wa Midlands

Ninawashukuru sana. Mume wangu amesoma majibu yote na suala la viza limemtulia, tutaliacha hilo la DLA mpaka tuonane na mwanasheria. Kuhusu chakula, shule imekubali ale katika chumba kidogo cha maktaba pamoja na mwenzake mmoja.

Tumekubaliana kuomba tathmini. Naomba kujua hatua zake na muda wake, na itakuwaje ikiwa watakataa, kwa sababu hatuna uwezo wa kumlipa wakili. Vilevile mume wangu bado anauliza kuhusu kuandikwa: je, waajiri wataiona hati hii mtoto akiwa mkubwa?

Baba Pacha

Dada, nijibu kwanza la shemeji. Mpango si cheti cha ugonjwa, na kanuni zake zinakataza kuonyeshwa kwa watu wengine bila ridhaa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile shule inayomfundisha. Mwajiri hana mlango wa kuuombea. Tena mpango hukoma pale ambapo hauhitajiki tena, kwa hiyo kijana akiweza kusimama mwenyewe haumng'ang'anii. Wasiwasi wa kuandikwa ninauelewa, hata kwetu wazee walitaka pacha wetu wa pili afichwe wageni wakija, lakini mwenye kuumia kwa siri hiyo ni mtoto.

Hatua ni hizi. Mnaandika barua au barua pepe kwa idara ya mahitaji maalumu ya halmashauri mkiomba tathmini, na mnaweka kumbukumbu ya siku mliyotuma. Halmashauri ina wiki sita za kujibu kama itafanya tathmini au la. Ikikubali, lazima ikusanye ushauri kwenu wazazi, shuleni, kwa upande wa afya, kwa huduma za jamii, na kwa mwanasaikolojia wa elimu. Kanuni zinasema pia itafute ushauri kwa mtu mwingine yeyote ambaye mzazi anamwomba kwa sababu za msingi. Sisi tulimtaja mwalimu wa madrasa, ambaye alikuwa akikaa na mtoto Jumamosi na Jumapili, na alieleza vizuri kuliko wote jinsi mtoto anavyoweza kukariri sura nzima kwa sauti nzuri huku akishindwa kujibu anaitwa nani na amekula nini. Maelezo yake yalimsaidia mwanasaikolojia kuona kwamba kumbukumbu ya sauti haimaanishi ufahamu wa lugha.

Rasimu ikija mna angalau siku 15 za kutoa maoni na kutaja shule mnayoitaka. Halmashauri inatakiwa kuikubali shule hiyo isipokuwa kama haimfai mtoto, au kama kumweka pale kutavuruga elimu ya wengine au matumizi mazuri ya fedha. Shule ya serikali ikishatajwa katika sehemu ya I, inalazimika kumpokea hata kama imejaa. Mpango kamili unatakiwa uwe mkononi mwenu ndani ya wiki 20 tangu siku ya maombi. Nasema "unatakiwa", kwa sababu mwaka 2024 mipango mipya iliyotolewa ndani ya muda huo ilikuwa chini ya nusu. Wiki zikipita bila jibu, andikeni, mkitaja tarehe na kanuni. Anayeandika hukumbukwa.

Wakikataa kufanya tathmini, au wakafanya kisha wakakataa kutoa mpango, au wakatoa mpango wenye sentensi kama zile za Mama Wawili, mnayo haki ya kukata rufaa katika Baraza linaloshughulikia mahitaji maalumu ya kielimu na ulemavu. Muda ni miezi miwili tangu tarehe ya barua ya uamuzi, au mwezi mmoja tangu mpate cheti cha usuluhishi, kutegemea upi unamalizika baadaye. Cheti hicho mnakipata kwa kumpigia simu mshauri wa usuluhishi, na si lazima mkubali kusuluhishwa ili mpewe. Kama mnabishania shule tu, hakihitajiki. Rufaa haina ada, wazazi wengi hujitetea wenyewe bila wakili, na mkihitaji mkalimani wa Kiswahili katika kikao, hutolewa bila malipo. Katika mashauri yanayofikia uamuzi, wazazi hushinda zaidi ya mara 95 katika kila 100, walau kwa sehemu ya yale waliyolalamikia. Takwimu hiyo inanihuzunisha kuliko inavyonifurahisha, maana nyuma yake kuna watoto waliokaa mwaka mzima wakisubiri kitu walichostahili tangu mwanzo, na kuna wazazi wengi zaidi waliopokea barua ya "hapana" wakaiweka kabatini, hasa wale ambao Kiingereza cha barua hizo kinawashinda.

Kwa msaada usio na malipo, kila halmashauri ina huduma ya ushauri kwa wazazi inayojulikana kama SENDIASS, ambayo inatakiwa isiegemee upande wowote, na lipo shirika la hisani la IPSEA ambalo limeweka mifano ya barua kwenye tovuti yake. Mnajaza jina la mtoto na maelezo yake, basi. Na mpango ukishatolewa kisha msaada usitolewe, shauri linaweza kufunguliwa Mahakama Kuu kwa jina la mtoto mwenyewe, na kwa kuwa mtoto hana kipato, mara nyingi hustahili msaada wa kisheria wa serikali. Mara nyingi barua ya wakili ya kutangulia shauri humaliza jambo.

Mkaazi wa Cardiff

Naomba kuongeza kwa wasomaji ambao hawako England. Haya yote yanahusu England peke yake. Kwetu Wales kuna mpango wa maendeleo ya mtoto mmoja mmoja chini ya sheria ya mwaka 2018, ambao mara nyingi huandaliwa na shule yenyewe. Uskoti wana mpango wao wa msaada ulioratibiwa, chini ya sheria ya mwaka 2004, nao hupewa watoto wachache. Familia ikihama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ndani ya England, mpango huhama nao, na halmashauri mpya inawajibika tangu siku ya kuhamia. Ikivuka mpaka kuja kwetu, hati inabaki kuwa maelezo mazuri ya mtoto yasiyo na nguvu ya kisheria.

Ndivyo ilivyo pia kwa wanaorudi nyumbani. Dada yangu aliporejea Kenya na binti yake, ripoti za mwanasaikolojia na za tiba ya usemi zilipokelewa vizuri katika kituo cha tathmini cha EARC, ila saa zilizoandikwa katika mpango hazikumfunga mtu yeyote kule. Ombeni nakala za ripoti zote mapema.

Mwalimu wa Pwani

Mama, kabla hujatuma maombi, nina mambo mawili ya mwisho.

Maelezo yenu wazazi, yale yatakayoingia sehemu ya A na kusaidia kuijenga B, yaandikeni kwanza kwa Kiswahili, ninyi wawili mkikaa pamoja, kisha ndipo yatafsiriwe. Nimesoma maelezo mengi yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza cha kujikaza, yakawa mafupi na ya adabu mno, yakasema mtoto "ana changamoto kidogo." Kwa Kiswahili mzazi yule yule huniambia kwamba mtoto hajawahi kumwita mama, kwamba halali mpaka saa nane usiku, kwamba dada yake ameacha kualika marafiki nyumbani. Hayo ndiyo ambayo mwanasaikolojia anahitaji kuyajua. Katika vikao ombeni mkalimani kwa maandishi, wala msimtumie binti yenu mkubwa kwa kazi hiyo, maana hatatafsiri yote atakayoyasikia juu ya mdogo wake.

La pili ni kwamba mpango hupitiwa kila mwaka, na kikao hicho kisichukuliwe kama cha kunywa chai na kupongezana. Njooni na ile F mkononi, mwulize mstari kwa mstari kipi kimetolewa na kipi hakikutolewa. Baada ya kikao halmashauri ina wiki nne za kuwajulisha kama itauacha mpango kama ulivyo, itaubadilisha au itausitisha, nanyi mna haki ya rufaa wakiuacha au wakiusitisha, na wakiubadilisha, mara mpango uliobadilishwa utakapotolewa. Mwanao akifika darasa la sita, halmashauri inatakiwa iwe imelitaja ndani ya mpango jina la shule ya sekondari kabla au ifikapo tarehe 15 Februari ya mwaka anaohamia, kwa hiyo anzeni kuzitembelea shule akiwa bado darasa la tano, na mwende saa ya chakula cha mchana, mwone ukumbi wao una kelele kiasi gani.